Miaka 62 ya Kutazama Pasipo na Ugonjwa

Historia ya tiba, kama tunavyoisoma vitabuni, aghalabu ni orodha ya ugunduzi: fulani aligundua dawa hii mwaka fulani, fulani akavumbua upasuaji ule mwaka mwingine. Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha historia nimekuwa nikivutiwa zaidi na swali la upande wa pili. Kwa nini jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya watu wenye elimu na bidii halikuonekana kwa muda mrefu? Leo nataka kulijadili swali hilo kwa kisa kimoja cha upasuaji wa watoto. Ni ugonjwa ambao wengi wetu hatujapata kuusikia, na ambao madaktari wa Ulaya, Marekani na Australia waliuhangaikia kwa miaka 62 huku wakitibu sehemu isiyo na ugonjwa na kuiacha iliyo nao. Msomaji anivumilie nikianzia mbali, kwa kuwa tutaishia hapa hapa kwetu.

Mwaka 1886, katika mkutano wa madaktari wa watoto uliofanyika Berlin, daktari kutoka Denmark aitwaye Harald Hirschsprung alieleza habari za wavulana wawili wachanga waliofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Tangu kuzaliwa walikuwa hawapati choo kama watoto wengine. Matumbo yao yalijaa na kukaza kama ngoma, wakapewa dawa za kuharisha, wakapigwa bomba, wakapata nafuu ya siku chache, kisha yakarudi yale yale hadi walipofariki. Maiti zao zilipochunguzwa, utumbo mpana ulikutwa umetanuka kupita kiasi na kuta zake zimekuwa nene. Hirschsprung akahitimisha kwamba kutanuka huko ni kilema walichozaliwa nacho, na kwamba ndicho kiini cha maradhi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1888, na ugonjwa ukachukua jina lake hadi leo.

Si kwamba hakuna aliyewahi kukutana nao kabla yake. Mwaka 1691 mtaalamu wa anatomia wa Uholanzi, Frederik Ruysch, alikuwa ameeleza habari za msichana wa miaka mitano aliyekuwa na utumbo wa namna hiyo. Lakini kisa kimoja kinachosimuliwa kama ajabu ni kitu kimoja, na visa viwili vinavyowekwa pamoja vikapewa sura ya ugonjwa mmoja ni kitu kingine. Hirschsprung alifanya hilo la pili.

Mtu huyu anastahili kutambulishwa kidogo. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1830 katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na kiwanda cha tumbaku, naye akachagua udaktari badala ya mali ya baba yake. Mwaka 1879 alishika uongozi wa Hospitali ya Watoto ya Malkia Louise mjini humo, ambako alishikilia kwamba watoto wa maskini watibiwe bure. Inasimuliwa kwamba malkia mwenyewe alitaka aya za Biblia zitundikwe juu ya vitanda vya wagonjwa, daktari akakataa, akataka picha za wanyama, kwa hoja kwamba mtoto mgonjwa hufurahishwa na wanyama. Inaelezwa pia kwamba alipopewa cheo cha kufundisha chuo kikuu alipanga mihadhara yake Jumapili asubuhi, na wanafunzi hawakuja. Sisi wahadhiri tunaolalamika kuhusu mahudhurio ya Ijumaa mchana tuna mwenzetu wa zamani.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba hatuzungumzii mtu mvivu wala mjinga. Hirschsprung alitumia umri wake kuchunguza maradhi adimu ya matumbo ya watoto. Tasnifu yake ya mwaka 1861 ilihusu watoto wanaozaliwa wakiwa na umio au utumbo mwembamba ulioziba, na baadaye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekebisha utumbo uliojipenyeza ndani ya utumbo kwa kutumia nguvu ya maji, bila kisu. Katika wale wavulana wawili aliona pia kwamba sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, iliyo karibu na njia ya haja kubwa, haikuwa imetanuka hata kidogo. Jambo hilo hakulipa uzito. Alitafuta ugonjwa mahali palipovimba, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Waliomfuata wakatembea juu ya nyayo zake. Maadamu utumbo uliotanuka ndio mbaya, dawa ni kuukata. Wapasuaji wakaukata, wakaunganisha kilichobaki na ile sehemu nyembamba ya chini iliyoonekana kuwa nzima. Watoto wengine walifia mezani au siku chache baadaye. Waliopona walikaa kwa muda, kisha utumbo uliosalia nao ukaanza kuvimba. Mwaka 1927 Wade na Royle, madaktari wa Sydney, walijaribu njia nyingine: walikata neva za kiunoni walizodhani zinauzuia utumbo usisukume. Njia hiyo ilienea na kupata wafuasi, lakini nafuu yake haikuwa ya uhakika. Kwa familia nyingi tiba iliendelea kuwa ile ile ya mwaka 1886, bomba na dawa za kuharisha, maisha yote ya mtoto, na kwa wengi maisha hayo hayakuwa marefu.

Sasa nifike kwenye sehemu ya kisa hiki inayoniumiza zaidi kama mwanahistoria. Jibu lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 1901, katika jarida la madaktari la Vienna, Karl Tittel alieleza mtoto mwenye ugonjwa huu ambaye utumbo wake, ulipotazamwa kwa hadubini, ulikutwa na upungufu mkubwa wa seli za neva. Mwaka 1920 Mwitaliano Dalla Valle akaeleza watoto wawili wa familia moja: katika sehemu ya chini ya utumbo seli hizo hazikuwapo, ilhali sehemu ya juu, ile iliyovimba, zilikuwapo kama kawaida. Yaani yule anayeonekana mgonjwa ni mzima, na anayeonekana mzima ndiye mgonjwa. Wengine waliandika hivyo hivyo katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Penye miti hapana wajenzi. Maandishi yalikaa katika majarida ya lugha tofauti, yakasomwa na watu wa hadubini, na mpasuaji aliyekuwa ameshika kisu ghorofa ya juu akaendelea kukata pale pale alipofundishwa kukata.

Ili msomaji aelewe uzito wa kosa hilo, nieleze kwa ufupi namna utumbo unavyofanya kazi. Chakula hakishuki kwa uzito wake chenyewe. Utumbo hukisukuma kwa mawimbi: sehemu moja hubana na inayofuata hulegea, hatua kwa hatua hadi mwisho. Kinachopanga zamu hiyo ya kubana na kulegea ni mtandao wa seli za neva uliomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, kati ya wiki ya tano na ya kumi na mbili, seli hizo husafiri kutoka juu kuelekea chini. Safari ikikatika njiani, sehemu yote iliyo chini ya pale zilipoishia hubaki bila seli, na sehemu isiyo na seli haiwezi kulegea. Hukaa imebana kama mlango uliofungwa kwa ndani. Utumbo wa juu, ulio mzima, husukuma mlango huo usiku na mchana. Kwa kusukuma huko misuli yake hunenepa, na kwa kujaa huko hutanuka. Utumbo mkubwa ambao Hirschsprung aliukuta kwa wale wavulana ulikuwa umechoka kwa kupambana na kizuizi kilichokuwa chini yake.

Aliyeifungua fundo hili alikuwa mpasuaji wa Hospitali ya Watoto ya Boston, Orvar Swenson, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Upasuaji wa watoto ulikuwa fani changa. Kitabu cha wakubwa wake, William Ladd na Robert Gross, kuhusu upasuaji wa matumbo ya watoto kilikuwa kimetoka mwaka 1941 tu, na wengi waliamini kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa, hivyo hahitaji mpasuaji wake. Swenson hakuanza na nadharia. Alianza na jambo aliloliona wodini. Watoto waliokuwa katika hali mbaya walitobolewa tundu ukutani mwa tumbo ili choo kitokee huko, na baada ya muda wakanawiri: tumbo likanywea, wakala, wakaongezeka uzito, na utumbo uliokuwa mkubwa ukarudi karibu na hali ya kawaida. Tundu lilipozibwa, ugonjwa ukarudi.

Hapo ndipo fikra iligeuka. Kama utumbo uliovimba ungekuwa mgonjwa kwa asili yake, usingepona kwa kupewa tu njia ya kutolea choo. Bila shaka kizuizi kiko chini yake. Swenson akaingiza vipira vidogo ndani ya utumbo ili kupima mawimbi, akaona kwamba mawimbi yanashuka vizuri hadi karibu na mwisho kisha yanakoma. Akapiga picha za eksirei kwa dawa ya bariamu, safari hii akiitia kidogo kidogo na kuitazama sehemu ya chini badala ya kukimbilia kuujaza ule utumbo mkubwa. Ikaonekana wazi: kipande chembamba chini, kisha mpanuko kama faneli, kisha utumbo mpana uliovimba. Akajifunza kwa mbwa namna ya kukiondoa kipande kile cha chini bila kuharibu msuli unaozuia haja, kisha akawafanyia watoto. Mwaka 1948, pamoja na mwenzake Alexander Bill, alichapisha njia hiyo, na mwaka uliofuata akatoa matokeo ya wagonjwa 34. Mwaka huo huo wa 1948 wataalamu wengine wa Marekani walithibitisha kwa hadubini kukosekana kwa zile seli za neva. Hatimaye kisu na hadubini vikakutana.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa kuwa mlango ukishafunguliwa kuingia si kazi kubwa. Mfaransa Duhamel alileta njia yake mwaka 1956, na Mwitaliano Soave akaleta ya tatu katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 kikapatikana kifaa cha kunyofoa kipande kidogo cha ukuta wa utumbo bila kumlaza mtoto usingizi wa dawa, na uthibitisho wa ugonjwa ukawa rahisi hata kwa mtoto wa siku chache. Mwaka 1994 ikajulikana jeni mojawapo inayohusika, na tukaelewa kwa nini Dalla Valle alikuta ndugu wawili wenye ugonjwa mmoja. Mwaka 1998 madaktari wa Mexico wakaeleza namna ya kufanya upasuaji wote kupitia njia ya haja, bila kulipasua tumbo. Ugonjwa uliowaua wale wavulana wa Copenhagen ukawa, katika nchi zenye uwezo, jambo la kutambuliwa wiki ya kwanza na kumalizwa kabla mtoto hajaanza kutambaa.

Katika nchi zenye uwezo, nasema. Na hapa ndipo historia inapogeuka kuwa siasa.

Vitabu vinasema kwamba ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwa karibu mara nne ya wasichana. Kwa hiyo huitwa ugonjwa adimu. Neno hili tulipime kwa hesabu. Nchini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa kiwango hicho, watoto wapatao 400 huzaliwa nao kila mwaka. Ukichukua miaka kumi, ni watoto 4,000, sawa na wanafunzi wa shule kadhaa za msingi. Kwa taifa zima, basi, si ugonjwa adimu hata kidogo. Lakini geuza hesabu uitazame kutoka zahanati ya kijijini inayozalisha wanawake 200 kwa mwaka. Zahanati hiyo itampata mtoto mmoja wa namna hii katika miaka 25. Mkunga anaweza kuanza kazi akiwa binti na kustaafu akiwa bibi akiwa amekutana na mmoja tu, au asikutane naye kabisa. Tunawezaje kumtaka akumbuke ugonjwa atakaouona mara moja katika maisha yake ya kazi?

Niliwahi kukieleza kisa hiki darasani, nikiwafundisha wanafunzi namna ushahidi unavyoweza kukaa wazi bila kusomwa. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ukunga kabla ya kurudi kusoma, alinyoosha mkono. Akasema: mtoto mzima hutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi cha kunata kama lami, ndani ya saa 24, na akichelewa sana saa 48. Kuchelewa kwa choo hicho ndiyo dalili ya kwanza. Lakini mama akijifungua salama anataka kurudi kwake, na wodi ina vitanda vichache. Saa 48 zinapotimia, mtoto yuko nyumbani. Anayeliona tatizo ni bibi yake, naye atasema ni mchango, atatafuta dawa ya mchango. Baadaye tumbo likikua watasema ni minyoo, na mtoto akikonda watasema ni utapiamlo. Kila mmoja atatibu anachokiona, akasema, kama wale madaktari wako.

Sijasikia ufafanuzi bora zaidi wa jambo hili kutoka kwa mtu yeyote. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, ukifuatilia watoto waliozaliwa na vilema saba vya tumbo na njia ya chakula, ugonjwa wa Hirschsprung ukiwa mmojawapo. Katika nchi za kipato cha juu, waliofariki walikuwa asilimia 5.6. Katika nchi za kipato cha kati, asilimia 20.4. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 39.8. Vilema ni vile vile na vitabu ni vile vile. Na hao waliohesabiwa ni wale waliofika hospitali. Mtoto aliyezikwa kijijini akidhaniwa amekufa kwa minyoo hayumo katika asilimia hizo.

Nchi nyingine zina visingizio vya kweli, nasi tunavyo baadhi: umbali, umaskini, uhaba wa dawa za usingizi kwa watoto, uhaba wa wataalamu wa hadubini. Lakini hatuwezi tena kusema kwamba hatuna kabisa wa kushika kisu. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoasisiwa mwaka 1999, kinafundisha wapasuaji wa watoto humu humu katika ukanda wetu, na vyuo vikuu vyetu navyo vimeanza kuwatoa. Ni wachache mno, lakini wapo. Mara nyingi kinachowashinda ni kwamba mtoto anawafikia akiwa na miaka mitatu, minne au mitano, tumbo limekuwa kubwa kuliko yeye, mwili umedhoofu hauwezi kustahimili upasuaji wa mara moja. Hapo hulazimika kwanza kumtoboa tundu la choo tumboni, wasubiri anenepe, kisha wafanye upasuaji wenyewe, kisha walizibe tundu. Safari tatu kutoka kijijini, nauli tatu, vibarua vitatu vilivyopotea. Katikati yake kuna mama anayefua vitambaa kutwa kwa kuwa mifuko ya kupokelea choo haipatikani au haishikiki bei, na mtoto asiyepelekwa shule kwa sababu ya harufu. Gharama hizi hazionekani katika bajeti ya wizara yoyote. Zinalipwa na familia.

Sipendi kulinganisha mwili wa mtoto na serikali, kwa kuwa mlinganisho wa namna hiyo hukimbilia kuwa kejeli. Lakini nitasema hivi. Mjadala wetu wa afya huvutwa na vikubwa: jengo la ghorofa nyingi, mashine iliyozinduliwa kwa utepe, upasuaji wa kihistoria unaotangazwa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sivipingi, maana mtoto akigunduliwa atavihitaji vyote. Ninachosema ni kwamba njia ya kuvifikia imebana chini kabisa, katika saa 48 za mwanzo, mahali pasipo na kamera. Hapo panahitajika swali moja lisilogharimu shilingi: je, mtoto amepata choo, na alikipata lini? Swali hilo lisiachwe kwa kumbukumbu ya mkunga, kwa sababu hesabu imetuonyesha kwamba kumbukumbu haitamsaidia. Liwe desturi kwa kila mtoto, liandikwe, mama aambiwe kabla ya kuruhusiwa kwamba siku ya pili ikipita bila choo amrudishe, na anayempokea ajue ampeleke wapi. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea wazazi wiki ya kwanza aulize tena. Na bibi naye aambiwe, tena kwa heshima, kwa kuwa ndiye daktari wa kwanza wa nyumba nyingi.

Tittel aliandika mwaka 1901, na watoto waliozaliwa kati ya mwaka huo na 1948 hawakufaidika na alichokiandika. Tunaweza kuwasamehe wapasuaji wa enzi hizo: ushahidi ulitawanyika katika lugha na nchi mbalimbali, na hakuna aliyekuwa ameukusanya. Sisi tumekabidhiwa ukiwa umekusanywa, umethibitishwa na umefasiriwa. Mwanahistoria atakayetuandika hatatupa udhuru huo.